Spea ya Forester na AWD zingine: jinsi ya kuchagua tairi ya tano bila kuua gia boksi

Wadau wenye Forester, Impreza, Legacy, X-Trail, RAV4 na gari zote zinazosukuma matairi manne kwa pamoja, hii ni yenu. Nitaandika kwa kirefu mana ni jambo lililoniuma na kila siku naona watu wanarudia kosa lile lile, mtu anaenda kwa fundi tairi anasema "nipe spea ya 16", anapewa, anatupia kwenye buti anasahau. Ukiwa na Vitz inayovuta mbele tu hiyo unaweza kupona nayo miaka. Ukiwa na AWD unajiwekea deni, na siku ya kulilipa itakuwa ni njiani, na familia ndani.

Mimi natumia Forester SG5 (hizo herufi ni jina la toleo la gari), automatiki ya gia 4, tairi zake ni 215/60R16. Tulikuwa tunaenda Iringa, tukapata pancha Mikumi, pale katikati ya hifadhi ambapo hata kushuka kwenye gari unaangalia kushoto na kulia kwanza. Nikatoa spea, saizi ile ile 215/60R16, mpya haijawahi kugusa lami, nikafunga haraka tukaondoka, nikawa najisifia kabisa kwamba mimi nina spea ya maana sio kale kembamba. Iringa fundi akaniambia ile yenye pancha imekatika ubavuni haizibiki, nikamuuliza je nikirudi na hii kuna shida, akasema "saizi si ndo ile ile, piga tu mzee". Nikarudi nayo mpaka Dar. Kutoka Mikumi mpaka Iringa kisha Iringa mpaka Dar ni kama kilomita 700. Wiki iliyofuata nikawa nikikata kona ya kuingia parking gari inagoma, inashtuka shtuka kama nimeacha handbreki, ukiachia usukani unyooke inatulia. Klachi inayopeleka nguvu nyuma ilikuwa imeungua. Spea ilikuwa na kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga lami) ya kina cha milimita 8, zile tatu zilizobaki chini zilikuwa na milimita 3. Saizi kweli ilikuwa ile ile kwenye maandishi, ila tairi zenyewe hazikuwa sawa.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Elewa kwanza kwa nini AWD inajali

Bila kuelewa hapa utabaki kukariri namba tu. Tairi ikiisha kashata inakuwa ndogo. Milimita 1 ya kashata ikiisha, kipenyo kinapungua milimita 2 (juu moja chini moja), na mzingo, yani ule urefu wa kuizunguka tairi, unapungua milimita 6 na kidogo. Tairi ndogo ili iende sawa na kubwa lazima izunguke mara nyingi zaidi. Kwa saizi yangu mzingo wa tairi mpya ni kama milimita 2,087, yani inazunguka mara 479 hivi kila kilomita. Toa milimita 5 za kashata, inakuwa inazunguka mara 486. Tofauti ya mizunguko 7 kila kilomita. Unaona ndogo eeh? Zidisha kwa kilomita 700 unapata karibu 5,000.

Hiyo tofauti lazima iende mahali. Tairi ya kushoto na ya kulia za ekseli moja zina difu katikati yao, difu kazi yake ndo hiyo, inameza. Shida ni kati ya mbele na nyuma. Gari ikiwa inavuta mbele tu, nyuma zinajizungukia zenyewe hakuna anayezidai kitu. Ila kwenye AWD mbele na nyuma zimeunganishwa na propela shafti, na katikati kuna kitu kinachoziruhusu zitofautiane kidogo tu wakati wa kona. Kwenye Forester automatiki kama yangu ni klachi ya sahani nyingi inayokaa ndani ya mafuta mkiani mwa gia boksi. Kwenye Forester za manyo (gia za kuingiza kwa mkono) ni difu yenye kapu la mafuta mazito ya silikoni ambayo yakipata moto yanakaza. Vyote viwili vimetengenezwa kufanya kazi kidogo kidogo, sio kuteleza bila kupumzika kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Kibaha. Vinapata joto, vinaungua, na mara nyingi hakuna taa inayowaka kukuambia.

Ndo mana Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yani milimita 6.4. Ukirudi kwenye hesabu ya juu hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya kashata. Moja. Makampuni mengine yanavumilia zaidi kidogo lakini mimi nashauri mtu yeyote mwenye AWD ya muda wote aishi na hiyo milimita moja kichwani.

Hatua ya 2: Jua AWD yako ni ya aina gani

Kuna gari unaweza kuizima AWD na kuna gari huwezi, na hii inabadilisha kabisa spea gani utabeba.

X-Trail za T30 na T31 zina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK. Ukifunga spea isiyolingana unaweka 2WD unaenda zako, nyuma zinakuwa huru. Wenye X-Trail mmebarikiwa hapo.

Subaru za automatiki gia 4 za zamani kama SG5 isiyo na mambo mengi, ukifungua boneti kuna kiboksi kidogo cheusi kifuniko kimeandikwa FWD. Kiko tupu. Unazima gari, unachomeka fyuzi ya akiba pale, ukiwasha inatokea taa ya FWD kwenye dashibodi, mana yake nyuma imeachiwa na gari inavuta mbele tu. Hiki kiboksi kimewekwa kwa ajili ya hii shughuli ya spea, wengi wanamiliki hizi gari miaka mitano hawajui kipo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ningekijua pale Mikumi nisingekuwa naandika haya. Ila angalizo, sio Subaru zote zinacho. Za manyo hazina, zile zenye difu ya VTD (mfumo mwingine wa AWD wa Subaru) hazina, na nyingi za siku hizi za CVT (automatiki isiyo na gia za hatua) hazina. Nenda kafungue boneti leo, usisubiri ya njiani.

Prado ni habari nyingine, ina difu halisi katikati inayovumilia zaidi, ila ukiwa kwenye lami na spea isiyolingana hakikisha hujabonyeza ile loki ya difu ya katikati.

Kama kitabu cha gari yako ni cha Kijapani usikitupe. Elekeza kamera ya simu kwenye programu ya kutafsiri, nenda kwenye ukurasa wenye picha ya jeki, utaelewa vya kutosha.

Hatua ya 3: Fungua buti uone umeletewa nini

Toa kapeti, toa lile boya jeupe, angalia. Utakuta moja kati ya haya manne: spea kamili, kaspea kembamba ka rangi ya chuma, kompresa ndogo ya upepo na chupa ya dawa ya kuziba pancha, au shimo tupu mana kuna watu huko bandarini na njiani walipitia kabla yako.

Kale kembamba utakatambua kwa herufi T mbele ya namba, mfano T135/80D16. Hiyo T inamaanisha ni ya muda. Upepo wake ni mwingi, psi 60, imeandikwa ubavuni, na mwendo wake mwisho ni 80 kwa saa. Tuifanyie hesabu hiyo ya mfano: kipenyo chake ni milimita 622, wakati 215/60R16 ni milimita 664. Sentimita 4 nzima pungufu. Inazunguka mara 32 zaidi kila kilomita. Mimi niliua klachi kwa mizunguko 7, fikiria 32. Kwa hiyo kaspea hako kwenye AWD isiyozimika ni ka kukutoa pale ulipokwama mpaka kwa fundi pancha wa karibu, kilomita chache, polepole, basi. Kwa mtu anayezunguka Sinza, Mwenge, Kariakoo kanatosha kabisa na kanaacha nafasi ya mizigo. Kwa mtu wa Dar kwenda Mbeya hapana.

Na kuna jambo hakuna anayelifikiria mpaka limkute: ukifunga kale kembamba, ile tairi kubwa yenye pancha inaenda wapi? Shimo la spea nyembamba mara nyingi halimezi tairi nzima. Inapanda juu ya mizigo au inakaa na watoto siti ya nyuma ikiwa na matope yake. Jaribu nyumbani uone.

Dawa ya chupa inaziba tundu la msumari kwenye kashata. Ubavu ukikatika na jiwe, na barabara zetu za vumbi kazi yake ndo hiyo, haikusaidii chochote.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kupata tairi ya tano

Hapa ndo pana uamuzi. Nakupa njia nilivyozipanga mimi kutoka nzuri mpaka ya kuvumilia.

Njia ya kwanza, nunua tano kwa mkupuo. Ukifika wakati wa kubadilisha tairi zote, usinunue nne nunua tano, kampuni moja, modeli moja, saizi moja, halafu ile ya tano uiingize kwenye mzunguko. Kila kilomita 8,000 mpaka 10,000 unazihamisha: spea inaenda nyuma kulia, nyuma kulia inaenda mbele kulia, mbele kulia inavuka kwenda nyuma kushoto, nyuma kushoto inaenda mbele kushoto, na mbele kushoto inaingia buti kuwa spea. Hivyo zote tano zinaisha pamoja na spea haipishani sana na wenzake. Najua tairi ya tano ni hela, lakini sio hela inayopotea, mana tano zinazogawana kazi zinadumu zaidi ya nne, ile ya tano unaitumia kweli. Tahadhari moja, tairi zenye mshale ubavuni zinazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo mzunguko wa kuvuka hauwezi na spea itakuwa sahihi kwa upande mmoja wa gari. Ukitaka kuishi na mfumo huu epuka za mshale.

Njia ya pili, tafuta mtumba unaofanana na ulizonazo. Tairi zako zipo nusu, huna sababu ya kununua mpya, basi tafuta iliyotumika ya kampuni ile ile na modeli ile ile yenye kina kile kile. Gerezani na Ilala kwa sisi wa Dar, Kirinyaga Road kwa wenzetu wa Nairobi, ukitulia utapata. Ila nenda na vipimo vyako mfukoni, usiende na "nipe 16".

Njia ya tatu, spea pungufu kidogo au zaidi kidogo pamoja na AWD inayozimika. Kama una ile swichi au kile kiboksi cha FWD, spea kamili iliyopishana milimita 2 au 3 itakufikisha ukiwa umezima. Sio ya kukaa nayo mwezi.

Kitu ambacho sitaki ufanye ni kile wanachofanya wengi sana: kununua nne mpya na kuchukua moja katika zile za zamani zilizoisha "iwe spea si bado inashika upepo". Hapo umetengeneza kosa langu kinyume chake, spea ndogo tairi kubwa, na gia boksi haijali ni ipi ndogo ni ipi kubwa.

Hatua ya 5: Soma namba, lakini usiishie kwenye namba

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika yenye saizi ya tairi na upepo wake. Hiyo ndo rejea yako, sio tairi alizofunga mwenye gari wa kwanza kwa mapenzi yake.

215/60R16 95H maana yake: 215 ni upana kwa milimita, 60 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, 16 ni ringi kwa inchi, 95 ni mzigo yani kilo 690 kwa tairi moja, H ni mwendo wa mpaka 210. Spea isiwe na namba ya mzigo chini ya ile ya gari. Watu wanapuuza hii halafu wanapakia gunia za mpunga.

Sasa angalia mtego mmoja. Hizi Forester za SG zilitoka na 215/60R16 na nyingine 215/55R17, zote za kiwandani kabisa. Fundi atakuambia zinaingiliana na ni kweli, ukibadilisha zote nne hakuna shida. Ila ukipiga hesabu, ya 17 ina mzingo mkubwa kwa milimita 12 hivi. Hiyo ni mara mbili ya kinachoruhusiwa. Kwa hiyo kama unatembelea 17 na spea yako ni ya 16 iliyokuja na gari, hiyo sio spea ya safari ndefu hata kama zote mbili ni mpya.

Na hata saizi moja kampuni mbili tofauti hazitoki sawasawa, mmoja 215/60R16 yake imejaa mwingine imepungua, ndo mana nasisitiza kampuni na modeli.

Hatua ya 6: Pima mwenyewe

Kama spea na tairi za chini ni modeli moja, kupima kina kunatosha. Kuna kigeji kidogo cha kupima kashata bei yake ni ndogo, nunua. Huna, chukua rula ndogo ya chuma ingiza kwenye mfereji mkubwa wa katikati, sio wa pembeni, na usikanyage kile kinundu kidogo cha alama ya kuisha. Pima sehemu tatu kuzunguka tairi, kisha nyingine, andika. Tofauti ikiwa chini ya milimita 1 umemaliza.

Kama modeli ni tofauti pima mzingo. Jaza zote upepo sawa kwanza, asubuhi zikiwa baridi. Usitumie futi ya fundi cherehani, ni ya sentimita 150 na inavutika, tairi yako ina zaidi ya mita 2. Mimi natumia waya mwembamba wa umeme, ule wenye uzi mmoja ndani, usiovutika. Nainua tairi na jeki, nazungusha waya katikati kabisa ya kashata, nauvuta mpaka ulale bila kulegea, pale unapokutana naweka alama ya kalamu nyekundu. Naenda tairi ya pili na waya ule ule. Kama alama inafika pale pale, safi. Kama imepita au imepungua, pima ule upungufu kwa rula: unatafuta isizidi milimita 6. Hauhitaji hata kujua mzingo wenyewe ni ngapi, unalinganisha tu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nyumbani nikaikuta ile spea "mpya" imepita alama kwa upana wa vidole viwili, nikabaki nimekaa pale chini kwenye kivuli naangalia ile nafasi kati ya alama mbili, mana ndo ilikuwa bili yangu yote ile.

Hatua ya 7: Ringi nayo ina mambo yake

Umepata tairi, inahitaji ringi. Ringi inaingia kwa vitu vitatu na watu wanaangalia kimoja.

Cha kwanza ni mpangilio wa nati. Forester mpaka ile ya SJ ni nati 5 kwa 100, yani nati 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Kuanzia SK ya 2018 ni 5 kwa 114.3. Legacy na Outback zilihamia 114.3 kwenye toleo la 2014 na 2015. X-Trail na RAV4 nyingi ni 114.3. Usibebe ringi kwa macho.

Cha pili ni tundu la katikati. Subaru habu yake, yani kile kitovu ringi inapokaa, ni milimita 56.1. Kuna Toyota zina 5 kwa 100 kama Wish na Caldina, na muuzaji atakuambia "hii inaingia Subaru hii", nati kweli zitalingana, ila tundu la katikati la hizo Toyota ni 54.1, halipiti kwenye habu ya Subaru. Itagoma milimita kadhaa kabla ya kukaa na ukilazimisha kwa nati utaharibu studi. Nimeona mtu amekuja na ringi kutoka Gerezani mpaka Chalinze ndo anagundua, saa mbili usiku.

Cha tatu ni ofseti, yani ringi inakaa ndani au nje kiasi gani, imeandikwa ET ndani ya ringi. Ringi ya 16 ya SG ni ET48. Ukitofautiana sana itagusa shokapu ndani au itatoka nje ya fenda.

Alafu nati. Kama umefunga ringi za fasheni zenye nati zake maalum na spea ni ringi ya chuma, beba nati za ringi ya chuma. Na kama una nati za loki, ule ufunguo wake ukae kwenye mfuko wa jeki, sio nyumbani kabatini.

Kitu cha mwisho hapo, funga hiyo spea kwenye gari kabla ya kuihitaji, mbele na nyuma, zungusha kwa mkono uhakikishe haigusi kalipa ya breki. Wenye turbo zenye breki kubwa msiruke hapa.

Hatua ya 8: Umri

Ubavuni tafuta neno DOT, mwisho wake kuna namba nne. 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Spea inazeeka hata kama haijatembea, na joto la buti la Dodoma mwezi wa 11 sio mchezo. Ikiwa imevuka miaka 6 ikague kila mara, minya ubavu utafute vijinyufu kama vya kisigino kikavu. Ikivuka 10 achana nayo hata kama kashata imejaa na inang'aa. Tairi za mtumba kutoka Japan nyingi zinapakwa dawa zing'ae, wewe nenda moja kwa moja kwenye DOT, na ikiwa imekwanguliwa rudisha.

Hatua ya 9: Siku ya kuitumia

Spea kamili inayolingana: funga, endelea na safari yako, kazi yote uliyofanya huko juu ilikuwa ni kwa ajili ya dakika hizi.

Spea isiyolingana au kale kembamba: zima AWD kama inazimika. Vitabu vya baadhi ya Subaru vinasema kale kembamba kakae nyuma tu, kwa hiyo pancha ikiwa ya mbele unatoa tairi nzima ya nyuma unaileta mbele halafu kembamba kanaenda nyuma. Ni kazi mara mbili na jua linawaka, najua, lakini mbele ndo kuna usukani na breki nyingi. Usizidishe 80. Taa ya ABS au ya VDC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) inaweza kuwaka sababu tairi moja inazunguka tofauti, usishtuke ila usiendeshe kwa fujo. Na ukifika kwa fundi pancha wa kwanza simama hapo hapo, usiseme nitaziba kesho. Ukisharudisha tairi yako toa ile fyuzi ya FWD, mana wapo walioisahau miezi.

Nati kaza kwa kuruka ruka kama nyota, sio kwa kuzunguka, na baada ya kilomita 50 hivi simama ukaze tena.

Ukishaendesha na spea isiyolingana kwa umbali wowote wa maana, nenda sehemu ya wazi, kata usukani mpaka mwisho, nenda polepole mduara mmoja kushoto mmoja kulia. Gari ikizunguka laini, uko salama. Ikishtuka shtuka au ikawa kama inashikwa, peleka kwa fundi anayejua Subaru siku hiyo hiyo, wakati mwingine kubadilisha mafuta ya gia boksi mapema kunaokoa klachi, ukichelewa mafuta hayasaidii tena.

Hatua ya 10: Upepo wa spea

Hii ni fupi. Spea kamili iweke psi 40 ikiwa kwenye buti, siku ya kuifunga unapunguza mpaka kiwango cha stika, kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza. Kembamba iwe 60. Angalia kila ukienda kujaza upepo zile nne, mwambie kijana wa upepo "na ya buti pia", na usimame pale mpaka aitoe kwenye shimo lake aipime, mana wengi wanaigonga kwa mkono wanasema iko poa.